Uchaguzi wa Bunge la Liechtenstein: wapiga kura wanachagua nini ikiwa Mwanamfalme anaweza kukataa sheria?

Mdadisi wa Dodoma

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Naomba msaada wa wenye kuifahamu vizuri siasa ya Liechtenstein, ile nchi iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria kando ya mto Rhine, yenye eneo la kilomita za mraba 160 na wakazi wapatao 40,000 tu. Tarehe 9 Februari 2025 wananchi wake walichagua Bunge jipya, ambalo wao huliita Landtag, lenye wabunge 25. Chama cha Vaterländische Union (VU) kilipata viti 10, Fortschrittliche Bürgerpartei (FBP) viti 7, Demokraten pro Liechtenstein (DpL) viti 6, na Freie Liste (FL) viti 2. VU na FBP wakaunda serikali ya mseto, na mwezi Aprili Brigitte Haas wa VU akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza serikali ya nchi hiyo.

Hayo nimeyaelewa. Yanayonitatiza ni mawili. La kwanza ni la hesabu. Katika uchaguzi uliotangulia, wa mwaka 2021, VU na FBP walilingana kwa asilimia 35.9 kila kimoja, wakapata viti 10 kila mmoja, na kilichowatenganisha kikawa kura 42. Lakini matokeo rasmi yanakipa kila chama zaidi ya kura 70,000, ilhali watu wenye haki ya kupiga kura nchi nzima walikuwa kama 20,000. Kwetu jambo la namna hiyo lingefika mahakamani kabla jua halijazama. Kule naona hakuna aliyeshtuka.

La pili ndilo zito zaidi. Nimesoma kwamba Mwanamfalme anayetawala anaweza kukataa sheria yoyote iliyopitishwa na Bunge, anaweza kuiondoa serikali madarakani, na anaweza kulivunja Bunge lenyewe. Ikiwa ndivyo, basi raia anayejaza karatasi ya kura anachagua nini hasa? Naomba majibu yenye hoja, maana kejeli kuhusu udogo wa nchi hiyo nimezisoma za kutosha.

Mvuka Rhine

Ndugu Mdadisi, mimi naishi Buchs, upande wa Uswisi, na siku za kazi navuka daraja kwenda Schaan. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Liechtenstein huingia asubuhi na kutoka jioni kama mimi, kwa hiyo chaguzi zao tunazisikia kila siku kazini ingawa hatuna kura. Nianze na swali lako la hesabu, kwa sababu ukilielewa hilo utaona kwa nini udogo wa nchi unaubadilisha uchaguzi wenyewe.

Nchi imegawanywa katika majimbo mawili tu ya uchaguzi. Oberland, yaani nchi ya juu, ina manispaa sita ukiwemo mji mkuu, Vaduz, na huchagua wabunge 15. Unterland, nchi ya chini, ina manispaa tano na huchagua wabunge 10. Mgawanyo huo una asili yake katika historia: Schellenberg na Vaduz zilikuwa himaya mbili mbalimbali, ukoo wa Liechtenstein ukainunua ya kwanza mwaka 1699 na ya pili mwaka 1712, kisha zikaunganishwa mwaka 1719. Watu wa Unterland, ambao ni wachache, hawajawahi kukubali kumezwa na wenzao.

Sasa tazama karatasi ya kura. Mpiga kura wa Oberland ana kura 15, si moja, na wa Unterland ana kura 10. Kila chama kina karatasi yake yenye majina ya wagombea wake, na mpiga kura huchagua karatasi moja tu kati ya hizo akaitumbukiza. Mwenzangu wa ofisini, mwenyeji wa Triesenberg, aliwahi kunichorea jinsi anavyofanya. Huchukua karatasi ya chama anachokipenda, hukata kwa kalamu jina la mgombea asiyemridhisha, na katika nafasi iliyobaki wazi huandika kwa mkono jina la mgombea wa chama kingine, labda daktari wa familia yake au mwalimu aliyemfundisha mwanawe. Hapo kura 14 zinahesabiwa kwa chama chake na kura moja inakwenda kwa kile chama kingine. Akikata jina asiandike lingine, nafasi hiyo tupu bado inahesabiwa kuwa kura ya chama chenye karatasi. Kitu kimoja hakiruhusiwi: kumwandika mtu yuleyule mara mbili.

Kwa hiyo karatasi kama 16,000 zilizopigwa mwaka 2021 zilizaa kura zipatazo 200,000. Zile 42 unazozitaja ni pungufu ya karatasi tatu kamili za Oberland. Na ukitaka kuona jambo lilivyokuwa jembamba, piga hesabu hii: kila mtu anayekata jina la chama chake na kuandika la chama cha pili anakipunguzia cha kwanza kura moja na kukiongezea cha pili kura moja, hivyo pengo linasogea kwa kura mbili. Watu 22 waliokata jina moja la VU na kuandika la FBP wangetosha kuugeuza uchaguzi mzima. Kwa kuwa viti vilikuwa 10 kwa 10, chama kilichotangulia kwa kura hizo ndicho kilichotoa kiongozi wa serikali, Daniel Risch, na FBP wakaridhia nafasi ya naibu.

Ndiyo maana hawakushtuka. Utaratibu huu wanaujua kama wanavyojua njia ya kwenda dukani. Niongeze tu kwamba vituo vya kura siku ya Jumapili ni kama desturi iliyobaki: karatasi hupelekwa nyumbani, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi huzirudisha kwa posta. Saa sita mchana vituo vinafungwa, na kabla ya jioni matokeo yamejulikana.

Wakili Mstaafu, Mombasa

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu Mvuka Rhine. Acha nijaribu swali la pili, kwa kuwa ni la katiba.

Ibara ya 2 ya Katiba ya Liechtenstein ya mwaka 1921 inasema kwamba mamlaka ya dola yamo mikononi mwa Mwanamfalme na wananchi kwa pamoja. Wengi wetu tumezoea aina mbili za nchi zenye ufalme. Katika aina ya kwanza mfalme ni alama tu, anakata utepe na kusoma hotuba aliyoandikiwa. Katika aina ya pili mfalme ndiye kila kitu. Liechtenstein haimo katika mojawapo, na anayetaka kuiingiza kwa nguvu katika aina hizo atapotea njia.

Mamlaka aliyoyataja Mdadisi yapo kweli. Sheria haiwi sheria mpaka Mwanamfalme aiidhinishe, na miezi sita ikipita bila idhini yake, inahesabika kuwa imekataliwa. Serikali inaweza kupoteza madaraka ikiwa Mwanamfalme ameacha kuwa na imani nayo, au ikiwa Bunge limeacha kuwa na imani nayo. Kila upande una uwezo huo. Lakini mwenye kusoma asiishie hapo. Wajumbe watano wa serikali hupendekezwa na Bunge, na Mwanamfalme huwateua kutokana na pendekezo hilo; hawezi kujiokotea watu wake. Bajeti na kodi ni za Bunge. Na kama tunavyofanya Kenya tangu Katiba ya 2010, mbunge anayeingia serikalini huacha kiti chake, kwa hiyo serikali haikai bungeni kupigia kura mambo yake yenyewe.

Mwaka 1993 unafundisha kuliko ibara kumi. Mwezi Februari FBP walishinda, na Markus Büchel akawa kiongozi wa serikali. Kufikia Septemba chama chake mwenyewe kilikuwa kimemkinai, Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani naye. Mwanamfalme Hans-Adam II akalivunja Bunge, na mwezi Oktoba wananchi wakarudi kupiga kura kwa mara ya pili mwaka huohuo. VU wakapata viti 13 kati ya 25, na mwezi Desemba Mario Frick akashika uongozi akiwa na umri wa miaka 28. Angalieni nani aliamua nini. Wabunge walimkataa kiongozi, Mwanamfalme akawarudisha wabunge kwa wananchi, na wananchi wakaamua chama cha kutawala. Hakuna aliyekuwa na neno la mwisho peke yake.

Kwa jibu fupi: mpiga kura anachagua watakaounda serikali na watakaoshika mfuko wa fedha. Hayo si machache.

Asiyeshawishika

Mheshimiwa Wakili, heshima yako iko palepale, ila naona umetupitisha upande wenye kivuli wa barabara.

Ni kweli kwamba Mwanamfalme hakatai sheria mara kwa mara. Mara ya mwisho sheria kukataliwa waziwazi ilikuwa mwaka 1961, nayo ilikuwa sheria ya uwindaji. Lakini uwezo wa kukataa haupimwi kwa idadi ya mara ulizotumika. Mwaka 2011 kulikuwa na pendekezo la wananchi la kuondoa adhabu kwa mwanamke anayetoa mimba katika miezi ya mwanzo. Kabla watu hawajapiga kura, Alois, mrithi wa ufalme ambaye tangu 2004 ndiye anayetekeleza kazi za mkuu wa nchi kwa niaba ya baba yake, alitangaza kwamba hataidhinisha matokeo hata wakikubali. Asilimia 52.3 ya wapiga kura wakalikataa. Sasa niambie, Mheshimiwa, ni wangapi kati yao walilipinga pendekezo lenyewe, na ni wangapi waliona hakuna haja ya kupoteza karatasi?

Tena mwaka 2003 Hans-Adam alitaka Katiba ibadilishwe ili mamlaka yake yaongezeke, na akaeleza wazi kwamba akishindwa atahamia Austria. Katiba ikapita kwa asilimia 64. Mtu akikuambia nipe hiki au nahama, halafu ukampa, huwezi kuita mazungumzo hayo kuwa ya watu wawili walio sawa. Katika mazingira hayo uchaguzi wa wabunge 25 ni wa kuchagua watu wa kuendesha ofisi. Siasa yenyewe inafanyika kwenye ile ngome ya Mwanamfalme iliyo juu ya mwamba wa Vaduz.

Mvuka Rhine

Ndugu Asiyeshawishika, hoja ya 2011 ni nzito na siipingi. Lakini ukiacha hapo utakuwa umesimulia nusu. Mwaka uliofuata wananchi haohao waliulizwa moja kwa moja: je, Mwanamfalme apoteze uwezo wa kukataa jambo ambalo wananchi wamelipitisha kwa kura ya maoni? Asilimia 76 wakasema abaki nao. Unaweza kusema waliogopa, lakini robo tatu ya wapiga kura ni wengi mno kuelezwa kwa hofu pekee. Isitoshe, Katiba hiyohiyo ya 2003 uliyoitaja iliweka utaratibu wa wananchi kuufuta ufalme kwa kura, na ikaipa kila manispaa haki ya kujitenga na nchi. Wanazo hizo njia na hawazitumii.

Mimi nikiwasikiliza wenzangu kazini, naona Bunge linabanwa zaidi kutoka chini kuliko kutoka juu. Bunge likipitisha sheria, wananchi 1,000 wakitia saini ndani ya siku 30, sheria hiyo lazima ipelekwe kwenye kura ya maoni. Kwa jambo la katiba zinahitajika saini 1,500. Katika nchi yenye wapiga kura kama 21,000, mtu mwenye ndugu wengi na gari anaweza kuzikusanya. Saini 1,500 zinatosha pia kuitisha kura ya kulivunja Bunge. Mwaka 2024 peke yake watu waliitwa kupiga kura za maoni mara kadhaa: walikataa kwa asilimia 68 pendekezo la serikali kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, walikubali nchi ijiunge na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwezi Oktoba wakaamua kwamba Radio Liechtenstein, redio ya taifa, isiendelee kulishwa na fedha za umma.

Hilo la redio lichungulieni kidogo, kwa sababu ndilo lililoufungua uchaguzi wa 2025. Waliolianzisha ni DpL, ambao wakati huo walikuwa na wabunge wawili tu kati ya 25. Bungeni hawakuwa na uwezo wa kusukuma jambo lolote. Nje ya Bunge walikusanya saini, wakawashinda vyama vyote vikubwa kwa zaidi ya asilimia 55, na miezi mitatu baadaye wakapanda kutoka viti viwili hadi sita. Redio yenyewe ilinyamaza mwaka 2025, na kwa kuwa gazeti la Volksblatt lilikuwa limeshafungwa mwaka 2023, nchi imebaki na gazeti moja la kila siku, Liechtensteiner Vaterland, ambalo kihistoria ni la upande wa VU. Mimi binafsi naona hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ngome ya Vaduz. Nchi ambayo wapiga kura wanakata majina kwa kalamu kwa sababu wanamjua kila mgombea kwa sura inaweza kudhani haihitaji waandishi wa habari, na kumbe mtu unayemjua kwa sura ndiye mgumu zaidi kumuuliza amefanya nini na fedha za umma.

Kuhusu wabunge wenyewe, wasomaji wasiwaze watu wenye magari ya serikali. Ubunge kule si kazi ya kudumu. Ni mawakili, walimu, wakulima na wenye kampuni, wanaokutana kwa vikao vya siku chache kisha wanarudi kwenye shughuli zao. Ukumbi wao uko katika jengo la matofali lililofunguliwa mwaka 2008 chini ya mwamba huo wa ngome, nao hukaa kuizunguka meza ya mviringo, wakitazamana.

Mwalimu Bi Mkubwa, Unguja

Assalamu alaykum wanangu. Nimefundisha somo la uraia kwa miaka mingi na nimefurahi kuona mjadala unaokwenda kwa adabu. Nina mawili ya kuongeza, na yote yanahusu ni nani hasa aliyekuwa ndani ya huo uchaguzi mnaoupima.

Mnasema wananchi waliamua, wananchi walikataa. Mpaka mwaka 1984 wananchi hao walikuwa wanaume peke yao. Suala la wanawake kupiga kura lilipelekwa kwa wanaume mwaka 1971 wakalikataa, likarudishwa 1973 wakalikataa tena, na tarehe 1 Julai 1984 likapita kwa kura 2,370 dhidi ya 2,251. Tofauti ni wanaume 119. Hapa Afrika Mashariki wanawake tulikuwa tumeshapiga kura zaidi ya miaka ishirini. Uchaguzi wa kwanza wa Bunge ambao wanawake walishiriki ulikuwa wa 1986, na Emma Eigenmann wa FBP akaingia bungeni akiwa mwanamke wa kwanza. Kwa hiyo ndugu Mvuka Rhine anaposema nguvu ya wananchi inalibana Bunge kutoka chini, ajue nguvu hiyohiyo ndiyo iliyowafungia nje nusu ya wananchi mara mbili, wakati Bunge lilikuwa limeshakubali. Kura ya maoni haina huruma ya asili kwa asiyekuwa na kura.

Na hapa zile kura 42 za mwaka 2021 zinachukua sura nyingine. Aliyekuwa mgombea wa FBP wa kuiongoza serikali mwaka ule ni Sabine Monauni. Zingekwenda upande wa pili, yeye ndiye angekuwa mwanamke wa kwanza. Akawa naibu, na mwaka 2025 akabaki naibu tena, safari hii chini ya Brigitte Haas.

La pili ni la vyama. VU na FBP, ambao wenyeji huwatambua kwa rangi, wekundu na weusi, walitawala pamoja kwa mseto tangu 1938 hadi 1997 bila kukatika. Mseto huo ulizaliwa kwa hofu ya Wanazi, Hitler alipokwishaichukua Austria jirani. Mwaka 1939 hawakupiga kura kabisa: vyama viwili viligawana viti, FBP vinane na VU saba, kwa maana wakati huo Bunge lilikuwa na viti 15, ili wafuasi wa Hitler wasipate mlango wa kuingilia. Naona ilikuwa busara. Lakini mwaka huohuo wakaweka pia kizingiti kwamba chama kisichopata asilimia 18 hakipati kiti, na baada ya vita kizingiti hicho kikaendelea kuwalinda wao wawili, Wanazi wakiwa wameshatokomea. Mwaka 1962 chama kipya kilipata kama asilimia 10 ya kura bila hata kiti kimoja, kikaenda mahakamani, na mahakama ikakifuta kizingiti hicho. Mwaka 1973 kikaja cha asilimia 8, ambacho kipo mpaka leo. Freie Liste, walioanzishwa 1985, walisubiri hadi 1993 kuingia bungeni.

Kwa hiyo mwanangu Asiyeshawishika, ukitafuta nani aliyempunguzia mpiga kura wa Liechtenstein uchaguzi wake, usiangalie ngome peke yake. Watazame pia wale wawili waliokaa meza moja kwa miaka hamsini na tisa.

Asiyeshawishika

Shikamoo Mwalimu. Hoja yako nimeipokea, na kwa kweli inaiongezea nguvu yangu. Ikiwa kwa miaka 59 serikali ilijulikana kabla ya kura kupigwa, na ikiwa hata mwaka 2025, baada ya FBP kupoteza viti vitatu, bado wamerudi serikalini na wajumbe wawili kati ya watano, basi swali la Mdadisi linazidi kuwa kali. Chama kilichopanda mara tatu kiko nje. Kilichoporomoka kiko ndani.

Wakili Mstaafu, Mombasa

Hilo ni la hesabu za Bunge, si la njama. VU ana 10 na wingi unaanzia 13. Alihitaji mwenzake, na mwenye haki ya kumchagua mwenzake ni yeye. FBP wenye saba walimpa 17, na walikuwa wameshafanya kazi pamoja kipindi kilichopita. Kukaa nje kwa DpL kuna faida yake pia: kwa mara nyingine Bunge lina upinzani wa watu wanane, na tayari tumeambiwa na ndugu Mvuka Rhine kile ambacho wawili tu waliweza kufanya kwa kukusanya saini. Mimi ningependa zaidi kuona watu sita wakibana serikali wakiwa nje kuliko kuwaona wakinyamazishwa kwa wizara.

Ama kuhusu mabadiliko, kati ya 1997 na 2001 VU walitawala peke yao, na kati ya 2001 na 2005 wakafuata FBP peke yao. Mseto si sheria ya maumbile kule. Wapiga kura wakitoa viti 13 kwa chama kimoja, chama hicho hakimhitaji mtu.

Mdadisi wa Dodoma

Nawashukuru nyote, na Mwalimu nakuamkia. Naona swali langu lilidhania kwamba kuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho, ama Mwanamfalme ama Bunge, na ninyi mmenionyesha pembe tatu, ambapo pembe ya wananchi ndiyo inayotisha wengine mara nyingi zaidi.

Nimebakiwa na jambo moja dogo. Ndugu Mvuka Rhine umesema huna kura kwa kuwa wewe ni mgeni na unalala Uswisi. Je, raia wa Liechtenstein aliyehamia hapo hapo Buchs, nyumba ya pili kutoka kwako, anapiga kura? Kenya imewaruhusu raia wake walio katika baadhi ya nchi za nje kumpigia kura Rais, na sisi Tanzania bado mjadala huo unaendelea.

Mvuka Rhine

Hapigi. Haki ya kura ni ya raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayeishi ndani ya nchi. Akivuka mto na kuhamia Buchs, umbali ambao mtu anautembea kwa miguu, jina lake linatoka. Na kwa upande mwingine, karibu theluthi moja ya wakazi wa Liechtenstein ni wageni, wengi wao Waswisi, Waaustria na Wajerumani, wanalipa kodi huko na watoto wao wanasoma huko, nao pia hawapigi. Ukiondoa na watoto, ndipo wakazi 40,000 wanashuka hadi wapiga kura 21,000 hivi. Uchaguzi unaofuata wa kawaida ni wa mwanzoni mwa mwaka 2029, isipokuwa mtu mmoja kule ngomeni, au watu 1,500 wenye kalamu, waamue uwe mapema zaidi.